Mfuta Vumbi wa Manowari

Shangazi hakuipenda bahari, na hilo nalisema mapema ili mtu asije akadhani nasimulia habari za baharia. Ukimpandisha abra, vile viboti vya kuvukia kutoka Deira kwenda Bur Dubai, safari ambayo hata chai haipoi, alifumba macho, akamkamata mkono yeyote aliyekaa karibu naye, akasoma kila dua aliyofundishwa tangu chuoni. Siku moja alimtapikia mtalii kwenye viatu. Akashuka, akajifuta mdomo kwa ncha ya mtandio, akaomba radhi kwa Kiingereza kizuri, kisha akatugeukia na kuendelea pale alipoishia: kwamba manowari nyepesi walizounda Wafaransa kati ya vita vikuu viwili zilikuwa na umbo zuri kuliko za taifa lolote, na anayebisha alete zake.

Nani abishe? Sisi tulikuwa wanawake wa chumba kimoja mtaa wa Naif, tunakokodi vitanda wala si vyumba, na hatukuwa na manowari hata moja ya kuleta. Yeye alikuwa mfanyakazi wa ndani kwa familia ya Kifaransa huko Jumeirah Village Circle, ile tunayoiita JVC. Kila Jumapili, siku yake ya kupumzika, alikuja kwetu na mfuko wa nazi na bamia, akatufukuza jikoni, akapika huku akihutubia. Tulimwita Shangazi ingawa hakuwa shangazi wa yeyote kati yetu. Kwao ni Tanga, hilo alitukumbusha kila tulipompa chakula kisicho na nazi. Mengine ya nyuma hakuyasema, na mimi sikuyachimba.

Mimi kazi yangu ni kufunga mizigo. Nipo katika kampuni inayohamisha watu wenye nyumba zao kubwa; nazungushia sahani karatasi kutwa, nikirudi chumbani sitaki hata kuona kikombe. Na hasira zangu ziko karibu, kila mtu anajua. Kwa hiyo mwanzoni yule mama alinikera. Nimechoka, miguu inawaka, mtu ananiuliza kama najua tofauti ya manowari nzito na manowari nyepesi!

"Sijui, Shangazi, na sitaki kujua."

"Utajua tu. Njaa ikikushika utanisikiliza."

Na kweli, kwa mchuzi ule wa bamia, ungesikiliza hata habari za misumari.

Elimu yake ilitoka kwenye vumbi. Mwenye nyumba, ambaye yeye alimwita Sir na sisi tukamjua kwa jina hilo hilo, alikuwa mhandisi mstaafu wa bandari ya Jebel Ali. Kwa mikono yake alikuwa ameunda mifano ya manowari za kwao, kila mmoja urefu wa mkono wa mtu mzima, na kuipanga sebuleni ndani ya kabati la kioo. Baba yake mzee alikuwa mpishi katika mojawapo ya meli hizo, iliyoitwa Gloire, maana yake Utukufu. Jioni Sir akitaka kusimulia, watoto walishahamia kwao, na Madam, mkewe, akisikia tu neno "mizinga" anavaa vile vidude vyake vya masikioni. Anayebaki ni Shangazi na pasi yake.

"Pasi haina masikio," alisema. "Mimi ninayo. Ningefanyaje?"

Na vumbi la Dubai mnalijua, linaingia hata ndani ya yai. Kila upepo wa jangwani ukishapita, Shangazi alifungua lile kabati na kuzifuta meli moja moja kwa brashi kuukuu ya poda ya Madam, huku amebana pumzi asije akapeperusha mlingoti. Basi akawa anahukumu kazi ya mabingwa wa kuunda meli kwa kipimo chake mwenyewe, nacho ni usafi. Meli yenye kreni nyingi, kamba nyingi na vijukwaa vya ovyo aliidharau. "Aliyeichora hii," alisema, "hajawahi kufuta hata meza maishani mwake. Mama yake alimfanyia kila kitu." Lakini kulikuwa na ndugu sita, Gloire na wenzake, waliojengwa kwa ramani moja. Hao aliwasifu mpaka tukaona haya. Kuta zao zimenyooka, minara ya mizinga imekaa mahali pake, miwili mbele na mmoja nyuma, brashi inapita mara moja na kazi imekwisha. "Hizo," alisema, "zilichorwa na mtu aliyeoa mwanamke mkali."

Sitaki mnidhanie kwamba alijua kila kitu. Mji wa Tuloni, bandari kubwa ya jeshi la majini la Wafaransa, aliamini uko Italia, na hata mwenzetu Achieng alipomwonyesha kwenye ramani ya simu alisema simu imekosea. Vita vyenyewe havikumpendeza. Sir akimsimulia mapigano yoyote, swali lake la kwanza lilikuwa moja: walikula nini, na nani alipika? Sir alicheka mpaka akakohoa, lakini akajibu, kwa kuwa baba yake ndiye aliyepika. Ndivyo Shangazi alivyopata kujua kwamba Gloire iliwahi kuokota mamia ya watu waliozama na meli yao katikati ya bahari, wengi wao watu wa upande mwingine, na wote wakapewa kitu cha moto. Kwake huo ndio uliokuwa ushindi mkubwa wa vita vile, na hakuna jemadari angeweza kumwambia vingine.

Huyo Achieng niliyemtaja ni binti wa Kisumu, anauza kahawa kwenye jumba moja la maduka, kitanda chake kiko juu ya changu. Siku alipokuwa akifunga begi la likizo ndipo tulipofundishwa siri yote ya kuunda manowari. Begi halikufungika. Shangazi akalikalia, maana mwili alikuwa nao, akaanza.

"Baada ya vita vya kwanza wakubwa wa dunia walikaa wakawekeana kikomo. Meli isizidi uzito huu, mzinga usizidi unene huu. Yaani kilo thelathini, kama za ndege. Sasa mwenzangu una vitu vitatu: mizinga, mbio, na deraya. Deraya ni yale mabamba mazito ya chuma ya kukinga makombora. Vyote kwa pamoja havienei. Utatoa nini?"

"Mi natoa rice cooker," Achieng akasema.

"Hiyo ndiyo deraya! Hivyo hivyo na Wafaransa. Meli zao za mwanzo walizitoa deraya, wakabaki na mizinga na mbio. Mbio jamani, mbio! Lakini mashavu membamba kama chapati za maji. Mmoja aliungulia Casablanca mpaka basi. Ndipo wakajifunza, wakawaunda wale sita. Mizinga tisa, mbio za kutosha, deraya ya haja, na kilo hazikuzidi. Hilo ndilo begi lililofungwa na mwenye akili. Rudisha rice cooker, toa hivyo viatu."

Achieng akatoa viatu. Begi likafunga.

Tangu siku hiyo hakuna mwanamume aliyepita mbele yetu bila kupimwa kwa mizinga, mbio na deraya. Mimi wakati ule nilikuwa na dereva mmoja wa Mombasa, mtanashati, maneno yake kama halua. Shangazi akamtazama mara moja tu alipoleta biriani. "Mizinga anayo," akasema akishaondoka, "na mbio nazionea hapa nilipokaa. Deraya sijaiona." Nilimnunia wiki nzima, wallahi, bamia zake nikala kwa kisirani. Haikupita muda dereva akasimamishwa kazi, na simu yake ikazimwa siku ile ile. Habari zake nilizipata baadaye kwa watu, keshaoa Sharjah. Shangazi hakusema "nilikwambia." Aliniletea kipande kikubwa cha samaki na kukaa karibu yangu, jambo lililoniuma zaidi.

Alikuwa na wimbo mwingine kuhusu makalio, na huu Jumapili haikupita bila kuusikia. Wale ndugu sita, tezi yao, yaani sehemu ya nyuma, ilikatwa bapa na pana, tofauti na meli za kawaida zinazochongoka. Sababu yake ni mkeka. Kweli kabisa, mkeka! Meli zile zilibeba ndege ndogo za kutua majini, na mabingwa walibuni mkeka mkubwa wa kuburutwa nyuma ya meli, ndege iupande kama mgeni anavyokaribishwa barazani, kisha kreni iinyanyue. Haukufaa sana, wakauacha, lakini makalio yakabaki. Shangazi, ambaye viti vya metro havikumtosha, aliona hilo ni jambo la haki. "Watu wanasema upana ni mzigo," alisema akijipangusa unga mikononi. "Waulizeni Wafaransa. Walikaa na karatasi na wino wakaamua kwa makusudi."

Sasa nifike kwenye jambo alilolibeba moyoni, maana hapo utani wake uliishia.

Wajerumani walipokwenda Tuloni kuziteka meli za Wafaransa zilizokuwa zimefungwa bandarini, mabaharia walizizamisha wenyewe ili adui asizipate. Watatu kati ya wale ndugu sita walikuwamo. Sir alisimulia habari hiyo kama msiba wenye heshima. Shangazi aliisikia kama mama wa nyumba.

"Vyombo vizima!" alikuwa akisema, na sauti inapanda. "Vimesuguliwa, vimepakwa rangi, mizinga yote tisa mahali pake, halafu unavitoboa kwa mkono wako? Mwizi akija kwako unavunja sahani? Unaficha sahani! Hawakuwa na akili ya kuficha?"

"Shangazi, utaifichaje manowari?" nikamuuliza siku moja.

"Wale watatu wengine walifichwaje?"

Hapo alikuwa na hoja. Wale watatu wengine, Gloire akiwemo, wakati huo walikuwa mbali na nyumbani, wako Afrika, bandari ya Dakar. Hawakuguswa. Baadaye wakaingia upande wa pili wa vita, wakapigana, na mwisho wakarudi kuikomboa nchi yao, mizinga ikinguruma mbele yao. Waliokuwa nyumbani walizamishwa na watu wao wenyewe. Waliokuwa ugenini wakapona. Mwambie hayo mwanamke aliyemaliza miaka yake JVC akisomesha watoto wa dada zake, uone atakavyoyashika.

Achieng alipopigiwa simu kwamba kaka zake wamegawana kiwanja cha marehemu baba yao bila yeye, na mjomba akaongeza ile methali, asiyekuwepo na lake halipo, alilia hata wenzetu wa zamu ya usiku wakashindwa kulala mchana. Shangazi akaja, akamkalisha.

"Waongo hao. Asiyekuwepo ndiye aliyepona. Wewe uko Dakar, mwanangu. Na mtu wa Dakar akirudi nyumbani haingii kimya kimya. Anapiga mizinga kwanza."

Achieng akapiga mizinga. Alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, la ukoo mzima na wakwe, akitaja wakili, chifu, na jina la kila aliyekuwepo siku baba alipotamka wosia. "Manze, sijawahi feel hivyo," alituambia baadaye. Alipotua Kisumu kiwanja chake kilikuwa kimeshapimwa, na kaka mkubwa alimpokea na soda.

Nimesema jinsi alivyozisikitikia meli zilizotobolewa. Mtu huyo huyo alitutupia sufuria zetu zilizoungua jalalani bila kutuuliza, na siku moja alitupa na kikaango changu kipya kwa sababu alikichukia kilivyomtazama. Ukimkumbusha sahani za kufichwa, anakwambia khalas, hiyo ni habari nyingine.

Sasa kuhusu mabegi. Kabla ya kila likizo, Shangazi alimlazimisha Madam kumkagua begi. Si Madam aliyetaka, maskini ya Mungu. Madam alikuwa mwanamke wa haya, akiona sidiria ya mtu kwenye kamba anageuka. Lakini Shangazi alilifungua begi katikati ya sebule, akatoa nguo moja moja, akaikung'uta.

"Madam, kagua."

"Nimeona, inatosha."

"Hujaona, Madam. Umetazama pembeni."

Na akimaliza kila kitu, Madam akiwa amewiva uso kwa aibu, alikuwa anamalizia: "Na mfuko wa pembeni, Madam." Humo hamkuwa na kitu ila ndimu kavu na vidonge vya nondo, miaka yote. Sababu alitupa mara moja tu, bila kuipamba. Nyumba ya kwanza aliyofanyia kazi huku Ghuba, mwenzake aliambiwa ameiba saa. Akapelekwa polisi, akarudishwa kwao analia. Saa ilikuja kuonekana nyuma ya mashine ya kufulia, na hakuna aliyempigia simu kumwambia. "Mimi nitakuja na jina langu nitaondoka na jina langu," alisema. "Vingine vyote ni kilo."

Ndiyo maana katika meli zote, mbali na wale sita, aliiheshimu moja iliyokuwa na mbio kupita kiasi. Nchi ilipokuwa inaanguka, meli hiyo ilipakiwa dhahabu ya benki kuu, ikavuka nayo bahari. Ilipofika ng'ambo ikasikia mabwana zake wamesalimu amri, ikaenda kuketi na dhahabu ya watu kwenye kisiwa mpaka wenyewe wapatane. "Huyo ni mfanyakazi wa ndani," alisema. "Amebeba dhahabu na hakuna aliyelilia pete."

Lakini aliyoipenda ni Gloire. Sir aliipaka rangi kama ilivyopakwa wakati wa vita: mistari myeupe na myeusi mwili mzima, kama punda milia. Alimweleza kwamba mistari ile haikuwekwa kuificha meli. Iliwekwa ili adui anayeitazama asijue inaelekea wapi na kwa mwendo gani. Shangazi aliguswa sana na jambo hilo. Akanunua Naif dera la mistari vile vile, na kila alipokwenda ofisi ya watu wenye vinywa vikali alilivaa. "Leo nimevaa Gloire," anatuambia mlangoni, "hawatajua nawajia upande gani." Na huwezi kuamini, hata makarani walikuwa wanampisha.

Alitamani aondoke na Gloire siku atakaporudi Tanga. Alisema wazi, mara nyingi: kuna rafu sebuleni kwake, juu ya televisheni, inayosubiri. Ila hakukubali kuiomba.

"Shangazi, si umwambie tu?" Achieng alimsumbua. "Worst kesi atasema hapana."

"Siombi. Mfanyakazi akiomba kitu leo, kesho kikipotea kingine wanakumbuka kwamba mkono wake uliwahi kunyooka. Naitaka, ndiyo. Jina langu nalitaka zaidi."

Basi ikawa hivyo: anaitaka, anaifuta vumbi, anairudisha mahali pake.

Sir akaanza kusahau. Kwanza majina ya wajukuu, kisha njia ya duka la mkate, mwisho hata meli. Sasa mambo yakageuka. Jioni alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu mbele ya lile kabati, akaonyesha kwa kidole, na Shangazi akamsimulia yeye, kwa Kiingereza, hadithi zile zile alizozisikia kwake. Tatizo lilikuwa Tuloni. Kila alipofika hapo, mzee wa watu aliisikia habari kama mpya na kulia. Kesho tena, kilio kipya. Shangazi alivumilia, akavumilia, siku moja akakata shauri.

"Wakazificha, Sir," akamwambia. "Waliambiana mapema. Wajerumani walipofika bandarini wakakuta maji matupu."

"Walizificha wapi?"

"Dakar. Zote sita ziko Dakar."

Sir akapiga kofi kwenye goti akacheka. Ila upande wa pili wa sebule Madam alikuwa amevua vile vidude vya masikioni. "Lakini hiyo si kweli," akasema.

"Najua, Madam. Ila akisikia kweli analia, na mimi ndiye ninayempangusa."

Shangazi alituambia kwamba tangu jioni ile Madam hakuvivaa tena. Alikuwa akikaa na kitabu mapajani, hafungui ukurasa, anasikiliza meli zikipelekwa Dakar. Na Sir akazoea kuuliza mwenyewe, "Ziko wapi?" ili tu ajibiwe. Tulicheka sana tulipohadithiwa. Achieng akasema hiyo ni historia ya kupika. "Kila kizuri kimepikwa," Shangazi akasema.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa siku walipohama. Madaktari walitaka Sir awe karibu na watoto wake Ufaransa, nyumba ikauzwa vitu, na meli zote zikaahidiwa kwa makumbusho moja ya huko kwao. Shangazi naye alikuwa na tiketi ya Tanzania, ndege ya jioni. Yeye ndiye aliyemwambia Madam aite kampuni yetu: "Kuna mwanangu huko, mikono yake haina pupa." Kwa hiyo nikafika JVC asubuhi nimevaa sare yangu ya kijivu, na wenzangu watatu, na msimamizi wetu, mtu mwenye kelele ambaye siwezi kumtaja bila kukunja uso.

Nililiomba kabati la kioo nilifunge mimi. Nilikuwa nimezisikia zile meli kwa miaka, leo ndiyo nazishika. Niliwatambua bila kuambiwa: huyu mwenye mashavu membamba, huyu wa dhahabu, hawa wenye makalio. Nikawazungushia nailoni ya viputo mmoja mmoja, nimebana pumzi. Nilipofika mahali pa Gloire, hapakuwa na kitu.

Msimamizi akaja juu. Kitu kikipotea siku ya kufunga, mwizi ni mfungaji, ndivyo dunia ilivyo. "Nani ameigusa? Yalla, mifuko yote hapa!" Damu ikanipanda. Nikaanza kumjibu kwa lugha tatu. Sir alikuwa dirishani kwenye kiti chake, blanketi magotini, anatutazama. Madam ameshika mdomo. Ndipo Shangazi akatoka jikoni, amevaa lile dera la mistari.

"Gloire haipo?" Akalitazama kabati. Kisha akamwinulia msimamizi mkono. "Waache wanangu. Tutaanza na begi langu."

Hakuna aliyemwomba. Akaliburuta begi lake kutoka karibu na dirisha, tayari limefungwa tangu jana, akapiga magoti katikati ya sebule ile ile, akavuta zipu. "Madam, kagua," akasema, hata na mzaha kidogo. Akatoa khanga. Akatoa kitenge cha dada yake. Akaingiza mkono palipotakiwa kuwa na makopo ya maziwa ya unga, na mkono ukasimama. Akatoa bonge lililoviringishwa kwa shuka la mtoto. Akalifungua.

Gloire. Mistari yote, mlingoti umepinda kidogo.

Shangazi alibaki ameishika kwa mikono miwili. Miaka yote ile ya kukung'uta sidiria mbele ya watu ili siku hii isije, na imekuja. "Madam," akasema mwisho. "Madam, wallahi…" Msimamizi akaitoa simu yake. Mimi nilitaka ardhi ipasuke, nimwingize msimamizi, niifunge.

Ndipo tukasikia kicheko dirishani. Sir alikuwa ameweka kidole mdomoni, anamwashiria Shangazi anyamaze. Akanionyesha mimi na sare yangu ya kijivu, na wenzangu, na maboksi.

"Wajerumani wamekuja kuzichukua," akamnong'oneza, kwa fahari kubwa. "Nimeificha. Dakar."

Akafunua blanketi. Makopo ya maziwa yote yalikuwa magotini pake.

Shangazi akaketi sakafuni, akalia kama mtoto, bila kujificha, na mimi nikalia, na hata wenzangu wasiojua Tuloni ni nini wakageukia ukutani. Madam akaja akapiga magoti karibu yake. Akaichukua Gloire, akaunyoosha mlingoti kwa ncha za vidole, akaiviringisha kwenye khanga vizuri kuliko nilivyoweza mimi, na kuilaza begini katikati ya nguo laini.

"Madam," msimamizi akasema, "hiyo si ya makumbusho?"

"Hiyo ipi?" Madam hakuinua hata macho. "Gloire haipo hapa. Iko Dakar."

Akashika zipu kuifunga. Shangazi, machozi bado yanamtiririka, akamshika mkono.

"Bado, Madam," akasema. "Mfuko wa pembeni hujaukagua."